Dirisha Lisilopima Kicheko

Habari ile Eukeria aliisikia mashineni, debe la mahindi likiwa miguuni pake: kwamba huko kata ya jirani kuna Mhehe amefungwa miaka mitatu kwa kuingia kaburini.

"Kuingia kaburini kufanya nini?" aliuliza.

"Utani tu, mama. Msiba wa Wangoni wenzetu. Akateremka shimoni, akakaa, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Shahidi wa nyumba ile akasikia, akapeleka. Matanga hayajaanuliwa, mtu yuko ndani."

Wanawake kwenye foleni waliangua kicheko. Mwenye mashine naye akatia lake: "Afadhali wamfunge, mbwa wa kata ile wapate kupumua." Kicheko kikapanda tena mpaka unga ukamwagika.

Eukeria alicheka pamoja nao. Yeye ni Mngoni wa kuzaliwa na wa kuolewa, na Wahehe ni watani wao tangu babu zao walipopigana vita wakachoka, wakaona heri matusi kuliko mikuki. Lakini habari haikumtoka. Ilimfuata njiani, ikaingia naye jikoni, ikakaa. Alimwuliza kila aliyepita: nani ameiona hukumu hiyo kwa macho yake? Hakuna. Kila mtu amesikia kwa mwenzake. Mumewe, Gaudens, ambaye mapafu yalikuwa yamemlaza mwezi wa tatu sasa, alimwambia, "Uvumi huo, mke wangu. Hapo mashineni hata mimi nimeshazikwa mara mbili."

Wiki mbili baadaye alizikwa mara ya tatu, na safari hii ilikuwa kweli.

* * *

Kila nyumba ya kata ya Lipumbuka ilikuwa na Shahidi wake. Ni kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kimebanwa chini ya bati, kimoja mbele ya nyumba na kingine upande wa uani. Hana mdomo. Kazi yake ni kuona na kusikia. Akisikia kitisho, tusi au kilio, hukipeleka kwa Mizani, ile mashine kubwa iliyo ofisi ya kata, na Mizani huchagua dirisha.

Madirisha yalikuwa sita: jinai, madai, ndoa, ardhi, kazi na mila. Jirani amekatalia na ng'ombe wako? Madai, na mnaweza kupatana hata kesho, shauri likafutwa. Mume amekimbia watoto? Ndoa. Mpaka wa shamba umesogezwa? Ardhi. Umefukuzwa bila barua? Kazi. Lakini jinai ni dirisha jingine kabisa. Huko anayelalamika si wewe wala jirani yako. Ni Jamhuri. Na Jamhuri huwezi kuiita uani, ukaipa kigoda, ukaibembeleza isamehe.

Hakimu wa kuhonga hakuna. Kesi ya kuahirishwa hakuna. Hukumu inatoka chai haijapoa. Watu walipenda, na Eukeria alipenda kuliko wote. Dada yake alipigwa na mumewe miaka sita, na kila Shahidi alipopeleka kilio, yule bwana alijitetea kwa neno moja, "Tulikuwa tunataniana tu," na Mizani ikamwamini, maana kweli kwenye sauti zile kulikuwa na kicheko. Kicheko chake yeye mpigaji. Ndipo ukaitwa mkutano wa kata, likatolewa pendekezo kwamba Mizani iache kupima kicheko; ipime neno na tendo, basi. Eukeria alinyoosha mikono yote miwili. Na shemeji yule alifungwa mwezi ule ule. Nani angesema ni vibaya?

Dirisha la sita, la mila, lilifungwa mwaka uliofuata. Mizani ilihesabu ikakuta miaka minne hakuna hata shauri moja lililopita pale, ikasema mila imekwisha. Hapakuwa na aliyebisha. Mambo ya mila watu walikuwa wakiyamaliza wenyewe uani, kwa kikombe cha pombe ya ulanzi na kelele nyingi. Nani aende ofisini kupanga foleni kwa ajili hiyo? Basi wakapigilia ubao.

* * *

Watani walifika saa nne asubuhi, Wahehe saba, mbele yao Yeremia Lugenge. Alikuwa fundi baiskeli, mzee wa miaka sitini na tano, na kwa miaka thelathini hajawahi kumsalimia Gaudens bila kumtukana kwanza. Alipofika msibani hakulia. Alipitiliza moja kwa moja chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa koti lake la kahawia, akaanza kutembea uani vile vile Gaudens alivyokuwa akitembea, bega moja juu, akikohoa.

"Eukeria! Chakula kiko wapi? Mke gani huyu! Mtu akifa kidogo tu, kashaacha kupika!"

Wafiwa waliokuwa wamejikunja kwa kilio tangu jana walicheka mpaka wakashikana mabega. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Ndugu analia, jirani anapika, mtani anahakikisha hamfi wote.

Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka mlango wa uani. Jeneza lilipotolewa, Lugenge aliteremka shimoni na lile koti, akakaa chini, akakunja mikono.

"Hazikwi mtu hapa! Shimo hili langu. Mngoni huyu amekimbia maisha yake yote kama babu zake, mwacheni akimbie na leo. Nipeni jogoo, la sivyo mrudi naye jikoni!"

Skolastika, binti pekee wa Eukeria, alikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya chuo cha uuguzi sandukuni. Tangu baba yake akate roho hakuwa amesema neno wala kumeza kitu. Eukeria alimwona anainuka mkekani. Akamwona anafuta macho kwa pindo la kanga, anachukua koleo la wachimbaji, anakwenda kusimama ukingoni mwa kaburi.

"Wewe Mhehe mla mbwa! Toka humo kwa baba yangu, la sivyo nakufukia mzima mzima sasa hivi!"

Na akamrushia udongo, koleo zima, ukamwangukia kichwani.

"Mama yangu nakufa!" Lugenge alipiga ukelele, akikohoa vumbi. "Wangoni wananiua! Waambieni mbwa wangu wasinisubiri kwa chakula!"

Uani palilipuka. Skola mwenyewe akacheka, mara ya kwanza kwa siku mbili, kisha kicheko kikageuka kilio, kile kilio kilichokuwa kimemkwama kifuani, na wanawake wakampokea mikononi. Jogoo akatolewa. Lugenge akapanda juu akijipangusa. Gaudens akazikwa vizuri, na wengi walisema hawajawahi kuona msiba uliokwenda sawa kama ule.

Ni Eukeria peke yake aliyeinua macho kutazama chini ya bati. Kile kidude cheusi huwa na taa ndogo ya kijani. Sasa ilikuwa nyekundu.

* * *

Walimchukua Skola kesho yake, wageni hawajanywa uji. Askari wawili, bila kelele wala kusukumana. Lugenge walimkuta kibandani kwake akitia kiraka mpira wa baiskeli, na lile koti bado mwilini, maana mtani akishachukua kitu cha marehemu hukaa nacho mpaka matanga yaishe.

Karani wa madirisha aliitwa Tasilo Nyoni, kijana mwenye shati lililopigwa pasi likang'aa. Hakumpa Eukeria kiti.

"Shikamoo mama. Pole na msiba. Niseme kwa kifupi, maana kuna watu nyuma yako. Binti: kutishia kuua, akiwa na silaha mkononi. Miaka minane."

"Silaha gani, mwanangu?"

"Koleo."

"Lile koleo la kaburi?"

"Mizani haiulizi koleo ni la nini. Yule mzee: kuchukua mali ya marehemu na kuzuia maziko. Miaka minne."

"Yule ni mtani wetu! Wewe si Nyoni? Si Mngoni? Hujawahi kuona mtani msibani?"

Tasilo alitazama pembeni. "Msiba wa babu walinifichia viatu," alisema. "Nilimzika babu pekupeku." Mdomo wake ulitaka kutabasamu, akaurudisha mahali pake. "Lakini hapa mimi ni karani. Utani ni mila, mama. Dirisha la mila hilo hapo."

Alionyesha kwa kidevu. Ubao, misumari sita, na mtu alikuwa ameegemeza ufagio.

"Basi lifungueni."

"Linafunguliwa kwa maombi ya kata nzima, na maombi yanakaa mwaka na nusu. Tena shauri likishaingia jinai halihami, hata aje nani."

"Sisi tumesamehe. Na Lugenge hana neno na binti yangu, mwulizeni. Sasa nani analalamika?"

"Jamhuri."

"Jamhuri ilikuwepo msibani? Ilileta hata kuni?"

"Mama, usinitafutie matatizo. Hata humu yupo." Akanyoosha kidole juu, darini, penye taa ya kijani. Kisha akainama, akajifanya anatafuta kalamu, sauti ikashuka. "Nisikilize. Dirisha la jinai linakubali utetezi wa aina nne: kichaa, utoto, kujilinda, kulinda mali. Binti yako si kichaa wala si mtoto. Hakuna aliyemshambulia. Lakini ikiwa aliyekuwa kaburini ni mtu baki, kaingia kwenu bila haki, kachukua koti, hapo binti alikuwa analinda mali. Anatoka leo leo."

"Na Lugenge?"

"Huo unakuwa wizi wa kuvamia nyumba. Miaka tisa."

Eukeria alihesabu miaka hiyo kwa vidole.

"Wewe mwenye nyumba utaulizwa swali moja," Tasilo aliendelea. "Na yeye ataulizwa lake. Akikana, Mizani inasimamisha kila kitu, inachunguza upya."

"Kwa hiyo yeye akikana, hakuna anayefungwa kwa neno langu."

"Akikana, itachunguza."

Hilo ndilo neno aliloondoka nalo. Aliizunguka ofisi ile mara tatu juani, akijipangia: nitasema la kwangu, Lugenge atakataa kwa makelele yake yote, Mizani itachunguza, itagundua yenyewe, sote tutarudi nyumbani. Ulikuwa uongo, na alijua ni uongo, lakini aliusukumiza ndani kwa nguvu kama mtu anayekandamiza nguo kwenye begi lisilofunga. Miaka minane. Skola angetoka ana ishirini na saba, jina lake limetiwa alama nyekundu, hakuna hospitali ya kumshikisha hata bandeji. Na Lugenge? Lugenge ni mzee, alijiambia. Lugenge ameshaishi. Halafu akatema mate chini kwa aibu ya wazo hilo. Lakini hakulitupa.

* * *

Dirisha la jinai ni kioo tu, kirefu kama mlango, na sakafuni mbele yake kuna mistari miwili ya rangi. Kwenye mstari mmoja alisimama Eukeria. Kwenye wa pili alisimama Lugenge, mnyororo mguuni, na koti la kahawia mwilini. Walimkataza kulivua kwa sababu ni kielelezo. Skola alikuwa pembeni ndani ya kijumba cha kioo kizito. Unamwona, humsikii.

Lugenge alipomwona Eukeria uso wake ulifunguka.

"Kumbe umekuja, mjane! Nilidhani Wangoni mmeshakimbia tena. Na jogoo wenu yule, mgumu kama kandambili. Mlimfuga au mlimrithi?"

Eukeria alikaza macho kwenye kioo.

Sauti ikatoka kwenye kioo, sauti ya mwanamke, tulivu, kama ile inayosoma matangazo ya vifo redioni. "Eukeria Mhagama, mwenye nyumba. Mtu huyu ni wa kwenu, au ni mtu baki asiye na haki nyumbani kwako? Jibu."

Alimtazama Skola. Skola alikuwa ameelewa. Alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia. Hapana, mama. Eukeria akayaondoa macho yake hapo.

"Simjui," alisema. "Si mtani wetu. Si mtu wetu. Aliingia kuiba."

Kisha Lugenge akacheka.

Alicheka kwa moyo wote mpaka mnyororo ukalia. Kwa maana kumkana mtani nako ni utani, tena ule wa juu kabisa. Miaka thelathini Gaudens alikuwa akisema mbele za watu, "Kizee hiki cha nani? Fungeni milango, ficheni mbwa," na Lugenge akimrudishia vivyo hivyo, "Mimi Wangoni siwajui, nimepotea njia tu." Sasa alifikiri mjane ameupokea mchezo pale mumewe alipouacha. Alifikiri kwamba hata hapa, mbele ya kioo hiki kibaya, Mngoni hamwachi Mhehe wake apoe.

"Yeremia Lugenge," sauti iliuliza. "Ni kweli?"

"Kweli tupu!" alisema, akifuta machozi ya kicheko kwa mkono wa koti. "Mimi mwizi. Wangoni siwajui, sijawahi kuwaona, wala sitaki kujuana nao. Nilifuata koti. Na kama si huyu binti na koleo lake ningeondoka na jeneza!"

Palikuwa na nafasi hapo. Haikuzidi pumzi mbili. Ndani ya pumzi mbili hizo Eukeria angeweza kusema: anatania. Angeweza kusema: nyamaza mzee, leo si mchezo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nyuma ya kioo kizito Skola alikuwa analisema yeye, anakipiga kwa viganja, mdomo wazi: mama, mwambie, mama.

Eukeria alifunga mdomo.

"Imekubaliwa," ilisema sauti. "Skolastika Mhagama, huru. Yeremia Lugenge, miaka tisa."

Kicheko cha Lugenge hakikukatika mara moja. Kilipungua taratibu, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Alimtazama Eukeria akisubiri amalizie, kwa kuwa utani una mwisho wake, lazima mmoja amalizie wote wajue umekwisha. Alisubiri. Alipoona hakuna kinachokuja, alivua koti, kielelezo au si kielelezo. Akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka sakafuni. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyomwinamia mwanamke mgeni njiani.

"Samahani sana, mama," alisema. "Pole na msiba."

Miaka thelathini hajawahi kumwambia Eukeria neno moja la adabu.

* * *

Mizani hujifunza kwa hukumu zake. Ikishaamua shauri moja, linakuwa kipimo cha mengine. Tangu siku ile kata ya Lipumbuka, mtu akisema mbele ya kioo "mimi ni mtani wao," Mizani humwandika mtu baki. Wamekwenda wengine kumi na moja kwa njia hiyo. Watani hawaji tena misibani. Mazishi siku hizi yanaanza kwa kilio na kuisha kwa kilio, na watu wanarudi nyumbani wakiwa na uzito wote waliokuja nao.

Skola alitoka siku ile ile. Hakupiga kelele, hakumlaumu mama yake. Alikwenda chuoni, na hutuma barua kila mwezi, safi, yenye mistari iliyonyooka: Mama mpendwa, shikamoo, natumaini u mzima wa afya. Zamani alikuwa akimwita Bibi Kizee na kumcheka anavyokoroma.

Siku moja, kwenye bomba la maji, Eukeria alikutana na mke wa Lugenge. Yule mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alipomwona akasogeza ndoo yake pembeni.

"Shikamoo, mama. Tangulia wewe."

Hawakupishana hata miaka miwili. Eukeria aliweka ndoo yake chini. "Nitukane," alisema. "Nakuomba mwenzangu. Niambie Mngoni mkimbizi, niambie lolote."

"Sithubutu, mama."

"Mara moja tu."

Mke wa Lugenge alimtazama bila hasira, kama mtu anayetazama kibao cha duka.

"Mtu nisiyemjua simtukani," alisema, akampisha njia.

Ninyi mliozaa, na mnaoishi na Shahidi chini ya bati, haya ndiyo ya kuepuka:

Usinyooshe mkono mkutanoni kabla hujauliza sheria hiyo itamkuta nani mwingine.

Usiache dirisha lipigiliwe ubao kwa sababu tu wewe hulitumii.

Usitanie uani. Nendeni mbali, penye kelele za maji.

Usivae nguo ya marehemu.

Usiongee ukiwa umeshika koleo.

Usiseme "tumesamehe" kwenye dirisha la jinai. Huko msamaha si wako.

Usiamini ukiambiwa "itachunguza."

Usimkane mtu kwa kutegemea kwamba yeye mwenyewe atakataa.

Na mtu wako akicheka mbele ya kioo, usinyamaze. Hata kama mtoto wako ndiye yuko upande wa pili, usinyamaze.